Sinema yetu hapa Lamu: maswali mnayotuuliza kila mara

Assalaam aleikum. Maswali haya twaulizwa barazani, twaulizwa kwenye boti ya Mokowe, twaulizwa WhatsApp saa sita za usiku, na mara nyingi ni yale yale, kwa hivyo tumeyaandika pamoja ili mwenye kutaka kujua asome kwa nafasi yake. Tumeyaacha vile mlivyouliza wenyewe.

Nyinyi ni kina nani na hasa mwafanya nini?

Sisi ni kikundi cha watu wa hapa hapa, kuna walimu, kuna fundi wa kuchonga milango, kuna vijana wa boti, kuna kina mama ambao bila wao hakuna kitu kingekwenda, na sote twapenda sinema. Twaonyesha filamu, twazizungumza baada ya kuziona, twafundisha vijana kutengeneza zao, na twahifadhi picha na kanda za zamani za mji wetu kabla hazijaoza. Hayo manne tu. Si jambo jipya duniani, Uingereza wana taasisi yao ya filamu tangu 1933, Ufaransa Henri Langlois na wenzake walianzisha yao 1936 kwa sababu waliona filamu za kimya zinatupwa kama takataka na wao wakazikusanya. Zile ni taasisi kubwa, sisi twatumia projekta moja na viti vya kuazima, lakini kazi ni ile ile, kumfanya mtu aone kwamba sinema ni sanaa kama shairi lilivyo sanaa, na kwamba yaweza kumfundisha mtu kitu.

Kiingilio ni pesa ngapi?

Bure. Kuna sanduku pale mlangoni, mwenye chochote atie, asiye nacho apite na asijisikie vibaya hata kidogo.

Sasa kama ni bure mwapata wapi pesa, mwafadhiliwa na wazungu?

Tumesajiliwa kama kikundi cha jamii, si kampuni, hakuna mtu anayegawana faida mwisho wa mwaka kwa sababu faida haiko. Pesa nyingi ni michango ya wanachama na ya watu wa mji, wakati mwingine hoteli yatukodisha projekta na spika na ile pesa yaingia mfukoni mwa kikundi. Mgeni akitaka kuchangia twapokea na twashukuru, ila hachagui filamu. Hilo tulikubaliana siku ya kwanza. Hesabu zimeandikwa daftarini na mwanachama yeyote ana haki ya kuja kuzisoma, na mtu akiona kitu hakielewi aulize pale pale mbele ya watu.

Mbona hamtii picha za action ndio watu wajae?

Na sisi twazipenda, tusidanganyane, nani hajakua akimshangilia steringi? Lakini zile ziko kila pahali, kibanda cha vidio kinazo, simu yako inazo, TV inazo. Kazi yetu ni kukuletea ile ambayo hungeiona popote na ambayo ukiiona waondoka na kitu. Nitatoa mfano mmoja kwa urefu kwa sababu ndio unaoeleza kikundi chetu kuliko maneno mengine yote.

Kuna filamu fupi ya Msenegali Ousmane Sembène, Borom Sarret, ya 1963, dakika 20 hivi, nyeusi na nyeupe, na ni miongoni mwa filamu za kwanza kabisa kutengenezwa na Mwafrika kusini mwa Sahara. Ni mtu wa mkokoteni wa farasi mjini Dakar. Atoka asubuhi na dua, abeba huyu abeba yule, wengine hawamlipi, yuko mtu ana maiti ya mtoto wake mchanga ataka apelekwe makaburini na mlangoni waambiwa karatasi si sawa, na yeye mwenye mkokoteni hela aliyopata yamtoka kwa msifaji aliyemsifu ukoo wake. Mwisho aingia mtaa wa matajiri ambako mikokoteni hairuhusiwi, askari amkamata, nishani yake yaanguka chini, anainama kuiokota na askari anaikanyaga. Basi. Arudi nyumbani hana mkokoteni hana pesa.

Sasa filamu hiyo uionyeshe Lamu, mji ambao mizigo yapita kwa punda, saruji kwa punda, mchanga kwa punda. Walioketi mbele ni vijana wa punda wenyewe. Hakuna mtu aliyehitaji kuelezwa chochote, na mazungumzo yalikwenda mpaka tukafukuzwa na usingizi. Picha ya action haikupi hilo.

Samahani lakini sinema si inaharibu watoto? Na wengine wasema ni haramu.

Usiombe samahani, mzazi lazima aulize. Sisi si masheikh na hatutoi fatwa. Tunachoweza ni kukueleza tunavyofanya kisha wewe uamue. Filamu yoyote yaangaliwa na watu kadhaa, mwanzo mpaka mwisho, kabla haijatangazwa, na maalim au mzee akitaka kukaa nasi wakati wa kuchagua mlango uko wazi. Twafuata vipimo vya bodi ya taifa ya kuainisha filamu, GE ya kila mtu, PG ya watoto wakiwa na mzazi, 16, na 18, na usiku wa familia hatuvuki PG. Filamu isiyofaa hatuionyeshi kabisa. Hatuikati vipande. Kumkatia mtu kazi yake ni kumharibia, na nyinyi mnaoangalia mwaonyeshwa kitu ambacho yeye hakukitengeneza.

La pili, na hili nalisema kama mzazi pia: watoto wetu washaona. Simu ziko mikononi, bando la shilingi kidogo lafungua dunia nzima, na kile mtoto anachokiona peke yake chini ya shuka hakuna mkubwa anayemuuliza umeona nini na umeelewaje. Kwetu aangalia akiwa amekaa na mamake na babake na jirani, taa zikiwaka watu wazungumza, na mkubwa akiona kuna jambo baya lililofanywa kwenye picha asema pale pale kwa nini ni baya.

Na Waislamu wenzetu wako kwenye sinema tena kwa kazi nzito. Saudia kumbi za sinema zilifunguliwa tena 2018 baada ya miaka zaidi ya 30, lakini hata kabla ya hapo, 2012, mwanamke wa kule anaitwa Haifaa al-Mansour alishatengeneza filamu ya mtoto wa kike anayetaka baiskeli, na ili apate pesa anaingia mashindano ya kusoma Qurani shuleni. Sehemu nyingine za barabarani mwenyewe ilibidi aongoze akiwa amekaa ndani ya gari, anawasiliana na wenzake kwa redio, kwa sababu hakuweza kusimama hadharani na mafundi wanaume. Watoto wetu wa madrasa wakiiona wamjua yule msichana mara moja, kila darasa la chuoni linaye wa namna yake.

Wanawake twaweza kuja?

Karibuni sana, na kuna namna mbili. Kuna usiku wa wazi ambao familia zakaa pamoja, kina mama wana upande wao kama wanavyopenda. Na kuna alasiri ya wanawake peke yao, ndani, mlango umefungwa, mashine yaendeshwa na dada zetu wenyewe, hakuna mwanamume hata fundi wa umeme, na hakuna simu kupiga picha. Ile ya alasiri kusema kweli ndiyo yenye mazungumzo makali zaidi, mimi nasimuliwa tu nyumbani.

Mwaonyeshea wapi na saa ngapi?

Usiku wa wazi ni baada ya Isha, watu wakishaswali na wakishakula. Jua kwetu lazama saa kumi na mbili na dakika kadhaa mwaka mzima kwa hivyo kungoja giza si tatizo, tatizo ni upepo. Kitambaa chetu ni tanga jeupe alilotushonea mshona matanga, tumelifunga kwenye boriti za mikoko, na kusi ikivuma lajaa kama liko baharini na sura ya mtu yapinda. Kwa hivyo miezi ya kusi twapenda kuingia ndani au kuegemea ukuta uliopakwa chokaa, ukuta wa chokaa kwa kweli ni skrini nzuri mno na Lamu haijakosa. Masika, hasa mwezi wa tano, hatupangi kitu cha nje. Kaskazi ndio msimu wetu.

Tukipata ruhusa twapenda sana pale Mkunguni mbele ya Ngome, kila mtu apafika kwa miguu, na ni jambo la kupendeza kuona jengo lililokuwa jela mpaka 1984 sasa watu wakaa mbele yake kuangalia sinema. Zanzibar wenzetu wamefanya hivyo tangu miaka ya 1990, tamasha lao la filamu, ZIFF, laonyeshwa ndani ya Ngome Kongwe.

Ramadhani je?

Twafunga. Twarudi baada ya Idi.

Mimi Kiingereza sijui, na maandishi ya chini yanipita mbio. Nitaelewa?

Utaelewa, na usiwe na haya, wako wengi. Kwanza nyingi tunazochagua zina maneno machache. Filamu za kimya za Charlie Chaplin bibi wa miaka 80 na mtoto wa miaka 5 wacheka kwa pamoja, sekunde ile ile. Pili tuna msimulizi, akaa kando na maiki aeleza kwa Kiswahili na akizidiwa na utamu aingia Kiamu kabisa. Watu wafikiri hiyo ni njia ya mkato ya watu maskini lakini Japani enzi za filamu za kimya walikuwa na wasimulizi wao, waliitwa benshi, na walikuwa mastaa, watu walilipa kumsikiliza msimulizi fulani kuliko kuangalia filamu yenyewe. Uganda wana VJ zao mpaka leo, na hapa kwetu Kenya nani hamjui DJ Afro. Tofauti ni kwamba msimulizi wetu tumemwomba anyamaze pale ambapo picha yenyewe yasema. Ile ni sanaa ngumu, kujua wapi unyamaze.

Baada ya picha mwazungumza nini? Ni lazima niseme?

Si lazima. Lakini kaa. Tukichagua baina ya filamu na mazungumzo, mimi ningesema mazungumzo ndio kikundi chenyewe, filamu ndio iliyotukusanya.

Hatuanzi na swali la funzo ni nini, kwa sababu ukianza hivyo kila mtu atoa jibu la shuleni na mazungumzo yafa. Twaanza na umeona nini. Yaani ebu nambie kitu kimoja ulichokiona. Mmoja asema nimeona mguu wa askari juu ya ile nishani. Haya, kamera ilikuwa wapi? Ilikuwa chini, karibu na ardhi. Kwa nini iwe chini? Na hapo mzee mmoja ambaye hajawahi kushika kamera maishani asema, kwa sababu yule bwana wa mkokoteni ndiko alipo, yuko chini, na sisi tumewekwa chini pamoja naye. Huyo amekwisha kuelewa uongozaji wa filamu kuliko mtu aliyesoma vitabu kumi bila kuangalia.

Twauliza pia kuhusu sauti, watu husahau sauti. Na twauliza ni nini hakikuonyeshwa. Ugomvi waruhusiwa, matusi hapana, na mwenye maiki hakai nayo zaidi ya dakika tatu hata akiwa mheshimiwa.

Kwa nini sinema? Si tuna mashairi na tendi zetu, hii ni sanaa ya kigeni.

Mashine ni ya kigeni, sawa. Ndugu Lumière walionyesha filamu zao kwa watu wa kulipa kule Paris tarehe 28 Desemba 1895, kila moja haifiki dakika moja. Lakini namna ya kufikiri kwa picha, hiyo hatukuletewa na mtu.

Chukua Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, iliyotungwa karibu miaka 200 iliyopita kuhusu kuanguka kwa Pate. Hakwambii tu kwamba matajiri wameondoka na dunia haidumu. Akupeleka ndani ya nyumba. Akuonyesha taa zilivyokuwa zikiwaka, kisha giza. Akuonyesha yale madaka ya ukutani ambamo zilipangwa sahani za kaure, na sasa ndani yake walala makinda ya ndege. Ile ni shoti. Ni picha ya karibu, halafu imekatwa, halafu picha nyingine pale pale baada ya miaka. Mtu yeyote anayeediti filamu leo angefanya hivyo hivyo. Kwa hivyo kwenye mafunzo yetu kijana aanza na ubeti mmoja, yeye achague, auvunje kwa picha moja moja, aandike kamera iko wapi na mwanga watoka wapi, ndio baadaye ashike simu. Na wazee wa mashairi wanatusaidia sana hapo, hatuwafundishi wao kitu, wao ndio watufundishao.

Halafu kuna hili. Lamu imepigwa picha sana. Matanga, punda, milango, jua likizama, mji uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001 na kila anayekuja ana kamera. Nyingi ya picha hizo ni nzuri lakini mwenyeji ndani yake ni pambo, apita na kanzu yake, hasemi. Twataka filamu ambazo yule anayepita ndiye anayesimulia.

Mimi ni mwalimu. Hii yanisaidia nini na silabasi imenibana?

Mwalimu, hii inaingia ndani ya silabasi yako. Wewe wafundisha fasihi, wanafunzi wako wakariri mbinu rejeshi, taharuki, taswira, kinaya, na wengi wakariri bila kuona. Waonyeshe filamu fupi ya dakika kumi uone mbinu rejeshi itakavyowaingia. Taharuki ndio rahisi kabisa, simamisha filamu pale pale mlango unapofunguka uwaulize kwa nini roho zawadunda wakati hakuna kitu kilichotokea bado.

Kuna zoezi moja twalifanya kila shule na laleta mshangao. Kule Urusi miaka ya 1920 hivi Lev Kuleshov alichukua uso wa mwigizaji mmoja, uso ule ule usiobadilika, akauunganisha na sahani ya supu, halafu na maiti ndani ya jeneza, halafu na mwanamke. Watazamaji waliona njaa, wakaona huzuni, wakaona mapenzi, na uso ni ule ule. Wanafunzi wako waweza kulifanya kwa simu moja ndani ya kipindi kimoja: uso wa mwenzao, kisha sinia la pilau, kisha kaburi, kisha karatasi ya mtihani. Akimaliza hapo mtoto ameelewa kwamba kuunganisha picha mbili ni kusema jambo la tatu, na kuanzia siku hiyo akiangalia habari au tangazo la siasa kwenye simu ataanza kuuliza nani aliyeziunganisha na kwa nini. Hiyo pekee yatosha kwangu.

Kwa wadogo twapenda filamu ya vivuli ya Lotte Reiniger wa Ujerumani, ya 1926, aliyakata maumbo yote kwa mkasi na hadithi yake yatoka Alfu Lela Ulela. Ndiyo filamu ndefu ya katuni ya zamani kabisa iliyobaki duniani. Baada ya kuiona twawapa watoto maboksi, mikasi na tochi ya simu, na shuka nyeupe.

Na ukitaka mfano kwamba taasisi ya elimu yaweza kuzaa sanaa kubwa, Iran walianzisha mwaka 1965 taasisi ya malezi ya fikra za watoto, wakati huo Abbas Kiarostami alikuwa kijana wa kuchora matangazo, akapewa kazi ya kuanzisha kitengo cha filamu pale. Alitengeneza filamu za watoto wa shule miaka na miaka. Ile yake ya 1987 ni mtoto tu amechukua daftari la mwenzake kwa bahati mbaya na yu mbioni kumtafuta amrudishie kwa sababu mwalimu atamfukuza, basi, hakuna kingine, na dunia nzima yaiheshimu. Darasa la nne waiangalia bila kupepesa.

Mtaala mpya pia una somo la maigizo na filamu huko sekondari ya juu, na mashindano ya drama ya shule yana kitengo cha filamu, kwa hivyo mwanafunzi wako hapotezi wakati. Tuandikie mapema, twaja na vifaa vyetu, shule haitoi kitu isipokuwa chumba chenye giza. Za visiwani, Pate, Siyu, Faza, Kizingitini, mtuvumilie kidogo maana safari yangoja maji yajae na mafuta ya boti si mchezo, lakini twaja.

Mbona hamdaunlodi tu, kila kitu kiko mtandaoni bure?

Kwa sababu filamu ni jasho la mtu, na hatuwezi kumwambia kijana wetu atengeneze yake huku sisi wenyewe twaiba za wengine. Akaunti ya nyumbani ya kutazamia filamu pia si ruhusa ya kuonyesha uwanja mzima, watu wengi hawajui hilo. Tunachofanya ni kumwandikia mwenye filamu. Wengi wajibu, na ukimweleza ni kikundi kisicho cha faida kisiwani wengine wakuachia kwa bei ndogo au bure kabisa. Kuna filamu ambazo wenyewe wameziachia watu wote kwa leseni huru, zile katuni za Blender, programu huru ya kutengenezea katuni, kwa mfano, ya sungura mnene ya 2008 watoto hawaichoki. Na kuna za zamani ambazo haki zake zimeisha muda. Juu ya hayo yote sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, sura ya 222, yataka filamu iwe imeainishwa kabla ya kuonyeshwa hadharani, kwa hivyo karatasi zetu twazitengeneza mapema.

Nataka kujifunza kushuti lakini sina kamera.

Una simu? Umemaliza. Subrata Mitra, aliyeshika kamera ya filamu ya kwanza ya Satyajit Ray kule Bengali, alikuwa hajawahi kuendesha kamera ya sinema kabla ya siku ile, na Ray mwenyewe hakuwa ameongoza filamu hata moja. Alichokuwa nacho ni kilabu ya sinema waliyoianzisha Calcutta mwaka 1947, waliangalia na kubishana. Pesa ziliwaishia mara kwa mara, walianza kushuti 1952 na filamu ikatoka 1955. Sisi watu wa pwani tumelelewa na picha za Kihindi zenye nyimbo, ukiiona hii hutaamini ni nchi ile ile, ni kijiji, umaskini, na mtoto anayekwenda na dadake kutazama treni.

Mafunzo yetu ya simu ni haya kwa ufupi. Lalisha simu. Weka kwenye hali ya ndege asikupigie mtu katikati. Futa lenzi, ndio, futa, mafuta ya mahamri na chumvi ya bahari ndiyo yanayoharibu picha nyingi hapa. Gusa skrini na ushikilie mpaka mwanga na fokasi vifungwe visicheze. Usishuti adhuhuri, jua la utosini latia vivuli machoni, ngoja alasiri au asubuhi, au muingize mtu kwenye daka la nyumba, yaani kile kibaraza cha mlangoni, mwanga wa pale wapendeza kuliko taa yoyote ya kununua. Sauti ndiyo kazi: upepo ukipiga maikrofoni hakuna programu ya kuurudisha, kwa hivyo jikinge na ukuta, sogea karibu na anayesema, na ukiweza tumia simu ya pili iwe ya kurekodi sauti tu.

Naweza kushuti popote?

La. Muombe mtu ruhusa kabla, hasa mwanamke, na akikataa usimuibie picha kwa mbali. Msikitini uliza wenyewe. Ngome na majumba ya makumbusho yana ofisi yake ya ruhusa. Ukifanya kazi ya biashara utahitaji leseni ya kushuti. Droni usirushe bila kibali cha mamlaka ya anga, na Lamu kwa hali ya usalama wajulishe na wakubwa wa mahali, utajiepushia matatizo mengi.

Nina kanda za VHS za zamani, maulidi na harusi na mashindano ya madau. Mwazitaka?

Twazitaka sana, tafadhali usizitupe, na usizitie kwenye mashine kuukuu ujaribu, yaweza kuila kanda. Unyevu wa huku unatia kuvu ndani, ukiona ukungu mweupe kwenye utepe iache kama ilivyo utuletee. Twazinakili kwa kompyuta, kanda yako wapewa pamoja na nakala, na sisi twabaki na nakala kama umeridhia. Nakala tatu, kwa vifaa vya aina mbili tofauti, moja ikae mbali na hapa, ndiyo kawaida yetu.

Watu wafikiri kuna mtu mahali fulani anahifadhi. Marekani yenyewe, na utajiri wote ule, karibu asilimia 70 ya filamu ndefu za enzi ya kimya zimepotea, hazipo. Afrika kazi imeanza kwa uzito, 2017 wakfu wa Martin Scorsese pamoja na chama cha watengeneza filamu wa Afrika na UNESCO walianzisha mradi wa kurudisha filamu 50 za bara hili. Lakini hakuna atakayekuja kutafuta kanda ya maulidi ya babu yako, hiyo ni yetu.

Za harusi upande wa wanawake zashughulikiwa na wanawake peke yao, kuanzia kunakili mpaka kuhifadhi, na hazionyeshwi. Mwenyewe ndiye mwenye neno.

Mwanangu ataka kuwa mtengeneza filamu. Kuna kazi kweli?

Kazi ipo lakini si ya mshahara wa mwisho wa mwezi, na tusimdanganye. Wengi waanza na vidio za harusi na za hoteli, waediti, wengine wafanya sauti, wengine watafsiri maandishi ya chini na hapo Mwamu anayejua Kiswahili safi ana faida kubwa. Mwambie asikimbilie kuwa mwongozaji, ajue kazi moja vizuri kwanza. Na asidhani lazima aache lugha yake ndipo atoke: Amil Shivji alichukua riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'Kuvute, hadithi ya Zanzibar, akaitengeneza kwa Kiswahili na 2021 ikaonyeshwa tamasha la Toronto.

Sisi tuko Malindi, twataka kuanzisha kama hii. Twaanzaje?

Anzeni na watu. Mkiwa kumi mnaokutana kila mwezi bila kukosa mshakuwa na kilabu, sajilini kama kikundi cha jamii. Projekta ya lumensi 3,000 hivi (lumensi ni kipimo cha nguvu ya mwanga) yatosha kwa kitambaa cha mita tatu usiku, na msinunue ya bei kubwa kabla hamjanunua spika nzuri, watu huvumilia picha hafifu lakini sauti mbovu waondoka. Betri ya akiba ni lazima. Vifaa vifungeni kwenye boksi lisiloingiza hewa pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu. Filamu ya kwanza iwe fupi. Mkitaka tuje tutakuja, mtulipie nauli ya basi na mtupe pa kulala.

Nimetengeneza filamu yangu mwenyewe, mtaionyesha?

Usiku wa filamu za nyumbani ni kwa ajili yako, hatuchujii ubora, twaangalia tu kama yafaa familia na kama waliomo wameridhia kuonyeshwa. Iwe chini ya dakika 15. Ilete kwenye flashi, MP4, wiki mbili kabla ili tuijaribu kwenye mashine, na uandike jina la kila aliyekusaidia mwishoni. Muziki usiutoe kwa wimbo wa mtu bila ruhusa, mwombe mpiga udi au mtu wa qasida mtaani kwako akurekodie. Na siku yenyewe uje uketi mbele, maana watu watakuuliza maswali.